Rekodi Isiyomfunga Rubani

Mtu anayetoka katikati ya Kampala kwenda kusini, akavuka Katwe na mzunguko wa Kibuye, huwa ameingia Makindye, mojawapo ya divisheni tano za jiji hilo. Hapo njia zinagawanyika. Moja inakwenda Entebbe, kwenye uwanja mkuu wa ndege wa Uganda. Nyingine zinapanda kilima cha Makindye, kisha zinashuka upande wa pili kwenye Barabara ya Ggaba, iliko Ubalozi wa Marekani, hadi Munyonyo kwenye ufukwe wa Ziwa Viktoria. Munyonyo ndiko walikokutana viongozi wa Jumuiya ya Madola Novemba 2007, wa Umoja wa Afrika Julai 2010, na wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote Januari 2024. Barabara ya kasi ya Kampala na Entebbe, iliyofunguliwa Juni 2018, ina tawi lake linaloishia huko. Wageni wa namna hii hawategemei ndege za abiria peke yake. Wengi huja kwa jeti za serikali na za kampuni, na wanaotaka kwenda Karamoja au mbuga ya Kidepo hupanda ndege ndogo za kukodi, nyingi zikiondokea Kajjansi, kiwanja kidogo kilicho kando ya barabara ya Entebbe. Na juu ya kilima hicho cha Makindye iko kambi ya polisi jeshi, ambayo katika miaka ya 1970 kuitaja tu kulitosha kumnyamazisha mtu.

Ndege za kukodi, za kampuni na za viongozi zina historia yake katika habari ya kinasa safari, kifaa ambacho magazeti yetu hukiita kisanduku cheusi. Kwa zaidi ya nusu karne mashirika makubwa ya ndege yamejifunza kusoma data ya safari zilizofika salama ili zijazo nazo zifike. Ndege ndogo zinazobeba watu wakubwa zimebaki nyuma katika kazi hiyo, kwetu na kwingineko. Sababu inayotajwa kila mara ni gharama. Mimi naona iko sababu iliyozama zaidi, nayo ni hofu ya anayerekodiwa kwamba rekodi yake itageuzwa mashtaka. Makindye inatufundisha kwamba hofu hiyo katika nchi zetu haikuzuka hivi hivi, na kwamba kuiondoa kunahitaji ahadi yenye nguvu ya sheria kabla ya kuhitaji mtambo wowote.

Historia ya kinasa safari inapita Entebbe mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya shirika la Kiingereza la BOAC, yenye usajili G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti ya abiria wa kulipa nauli, na njiani ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ikapotea baharini baada ya kuondoka Rome. Hakubaki mtu wa kueleza kilichotokea. Wachunguzi walilazimika kuopoa vipande kutoka chini ya bahari, wakalizamisha umbo zima la Comet kwenye tangi la maji huko Farnborough na kulijaza na kulipunguza shinikizo tena na tena, mpaka wakajua kwamba bati la ndege lilichoka na kupasuka. Huko Melbourne, mwanakemia David Warren wa maabara ya serikali ya utafiti wa ndege alikuwa miongoni mwa walioshirikishwa kufikiria ajali za Comet. Babake mzazi alikuwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka 1934. Warren aliona kwamba ndege ingeweza kubeba mashine ya kunasa sauti za marubani pamoja na vipimo vya safari, akaandika pendekezo lake mwaka 1954 na baada ya miaka michache akaunda mfano. Kwao Australia hawakuharakisha kumsikiliza. Ilipoanguka ndege huko Mackay, Juni 1960, na watu 29 wakafa bila kujulikana sababu, ndipo nchi hiyo ilipoamua kuvifanya vinasa kuwa sharti.

Kifaa hicho, basi, kilizaliwa msibani, na kwa watu wengi kimebaki huko. Tunakisikia siku wapiga mbizi wanapokitafuta ziwani au wataalamu wanapokifungua mbele ya kamera. Lakini tangu miaka ya 1960 mashirika ya Uingereza yaligundua kazi yake ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Kinasa huandika kasi, mwinuko, mwelekeo, ulalo wa mabawa, nguvu ya injini na mienendo ya usukani, sekunde baada ya sekunde. Nakala ya data hiyo ikichukuliwa baada ya kila safari na kupitishwa kwenye kompyuta, inaweza kulinganishwa na mipaka iliyowekwa: ndege ilishuka kwa kasi gani ikiwa mita 300 juu ya ardhi, iligusa njia umbali gani kutoka mwanzo wake, ililala kiasi gani ilipokata kona ya mwisho. Safari moja iliyovuka mpaka haina maana kubwa. Ishirini zilizovuka mpaka ule ule, katika kiwanja kile kile, ni onyo la ajali ambayo bado haijatokea. Kwa sababu hiyo, tangu 1 Januari 2005, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limewataka wanaofanya biashara ya uchukuzi kwa ndege zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 27,000 wawe na mpango wa kuchambua data ya safari. Kanuni hiyo inasema wazi kwamba mpango usiwe wa kuadhibu, na chanzo cha data kilindwe.

Kanuni hiyo ina mapengo mawili, na ndege tunazozizungumzia zinapita katikati yake. La kwanza ni uzito. Cessna Caravan inayotua kwenye majani ya kiwanja cha Karamoja haifikii hata kilo 5,000, na helikopta nyingi za kukodi ni nyepesi zaidi. La pili ni matumizi. Jeti kubwa ya kampuni au ya tajiri inaweza kuzidi kilo 27,000, lakini ikiwa inambeba mwenyewe na wageni wake bila nauli, haihesabiwi kuwa inafanya biashara ya uchukuzi. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi wa kawaida anayepanda ndege ya shirika kwenda Nairobi analindwa na utaratibu ambao haumlindi waziri aliyekodi ndege kwenda kwenye sherehe jimboni. Tarehe 24 Januari 2003 ndege ya kukodi aina ya Gulfstream I, iliyokuwa ikiwarudisha Nairobi mawaziri waliotoka kwenye sherehe za ushindi, iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikipaa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Waziri Ahmad Khalif na marubani wawili walikufa. Serikali ya Kenya ilikuwa na umri wa wiki chache tu.

Uganda ilikuwa na ndege za kukodi kabla ya kuwa na bendera yake. Safari kubwa zilikuwa mikononi mwa East African Airways, shirika la pamoja lililodumu kutoka 1946 hadi 1977. Kando yake walikuwapo waendeshaji wadogo. Mwaka 1958 Mwingereza Bob Astles alianzisha Uganda Aviation Services, kampuni ndogo ya ndege inayokumbukwa kwa kuwaajiri Waafrika mapema. Baada ya uhuru alikuwa karibu na serikali ya Milton Obote. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali hiyo Januari 1971, Astles alikamatwa na kufungwa Makindye kwa wiki kadhaa. Baadaye alitoka, akawa mtu wa Amin, na Waganda wengi wanamkumbuka kwa ubaya wa miaka hiyo. Amin naye alijinunulia Gulfstream II, jeti ya wafanyabiashara matajiri wa Marekani. Ndani ya muongo mmoja, basi, mtu aliyeanzisha kampuni ya ndege za kukodi alipita katika mahabusu ya Makindye, na jeti ya kifahari ikawa chombo cha mtawala aliyeifanya kambi ya kilimani kuwa jehanamu. Biashara hii ilikua karibu mno na madaraka, na haijawahi kujitenga nayo kabisa.

Kambi ya Makindye haikuwa pekee, wala waliopitia humo hawakuwa watu wa ndege tu. Mwandishi wa habari Sandy Gall wa Uingereza alizuiliwa humo mwaka 1972, miezi ambayo Waasia walikuwa wakifukuzwa. Waganda ambao majina yao hayakuingia kwenye magazeti ya nje waliteswa na kuuawa humo. Wengi wao hawakufikishwa hapo na ushahidi wa kosa. Walifikishwa na neno lililopelekwa na mtu, barua iliyoonekana, jina lililoandikwa kwenye orodha. Idara ya ujasusi iliyokuwa na makao yake Nakasero ilikusanya habari za watu kwa ajili ya kazi hiyo. Mtu aliyekulia katika nchi iliyopitia hayo, au aliyelelewa na wazazi walioyapitia, anajifunza mapema kwamba usalama uko katika kutoacha alama. Mwambie mtu huyo, akiwa sasa ni rubani, kwamba kila mkono atakaouweka kwenye usukani utahifadhiwa na kusomwa ofisini, naye akikutazama kwa shaka usimwite mtu wa zamani asiyependa maendeleo. Amerithi busara ya watu walioponea chupuchupu.

Hata hivyo, kutoacha alama kuna gharama yake, na Afrika imeilipa mara nyingi. Usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa pamoja na wenzake baada ya ndege yake, DC-6 iliyotoka Léopoldville, kuanguka karibu na Ndola. Haikuwa na kinasa. Zaidi ya miaka 60 baadaye Umoja wa Mataifa ungali unatafuta ukweli, na kazi hiyo imekabidhiwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, ambaye amelazimika kuziomba serikali zifungue kumbukumbu zao za ujasusi ili pengine zipatikane sauti za redio za usiku ule. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ya Kenya ilianguka katika msitu wa Ngong na kumuua Waziri George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na watu wengine wanne. Hiyo nayo, kama helikopta nyingi nyepesi, haikuwa na kinasa wala sheria haikuilazimisha. Tume ya Jaji Kalpana Rawal ikabaki kuunganisha mabaki, maelezo ya mashahidi na uchunguzi wa maiti. Pasipo na rekodi, uvumi hujaza nafasi, na uvumi kuhusu kifo cha kiongozi haukai kimya.

Ajali ya tarehe 30 Julai 2005 inaonyesha upande wa pili. Jioni hiyo John Garang, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan kwa wiki tatu tu, aliondoka Entebbe kwa helikopta ya Rais wa Uganda aina ya Mi-172 kuelekea kambi ya New Site kusini mwa Sudan. Iligonga mlima, na watu 14 wote waliokuwamo wakafa. Khartoum na Juba zililipuka kwa ghasia zilizoua watu wengi, kwa sababu umati uliamini kwamba ameuawa. Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi miezi saba kabla ulikuwa hatarini. Safari hii kinasa kilikuwapo. Kilipatikana, data yake ikasomwa Moscow, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti Aprili 2006 ikitaja makosa ya marubani waliokuwa wakiruka katika hali mbaya ya hewa. Wapo ambao hawakuridhika, lakini angalau palikuwa na kitu cha kubishania zaidi ya uvumi mtupu. Pamoja na manufaa hayo, kinasa kile kilifanya kazi ya jaji kati ya watuhumiwa, baada ya watu kuzikwa. Faida yake kwa waliokuwamo ilikuwa sifuri. Ndiyo maana kushangilia kwamba ndege fulani ina kisanduku cheusi hakutoshi. Ni lazima tuulize nani anakisoma siku ambazo hakuna aliyekufa.

Uganda ina mfano wa kosa ambalo usomaji wa namna hiyo umebuniwa kulinasa. Tarehe 17 Oktoba 1988 Boeing 707 ya Uganda Airlines, ikitoka London kwenda Entebbe kupitia Rome, ilijaribu kutua Fiumicino katika ukungu. Ilijaribu mara ya kwanza ikashindwa, ya pili ikashindwa, na ya tatu ikagonga jengo. Watu 33 kati ya 52 walikufa. Wachunguzi walisema marubani hawakujiandaa ipasavyo kwa utaratibu wa kutua katika njia ile, hawakutajiana mwinuko kama inavyotakiwa, na waliendelea kushuka chini ya kiwango cha mwisho kabla ya kuiona njia. Kushuka chini ya kiwango kabla ya kuona njia ni jambo linaloweza kufanyika mara nyingi likapita salama, na kila likipita salama hugeuka mazoea. Rubani hujiona ana ujuzi, mwenzake hunyamaza, abiria hushukuru kwa kufika. Data ya kinasa haina ushkaji wala haya; inaandika mita ngapi, sekunde gani.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika ndege za kampuni ulitoka Marekani. Usiku wa 31 Mei 2014, huko Bedford, Massachusetts, Gulfstream IV ilipita mwisho wa njia ya kurukia ikaungua, na watu saba wakafa. Usukani wake ulikuwa bado umefungwa kwa kufuli inayowekwa ndege ikiegeshwa ili upepo usiupigepige. Marubani wake walikuwa wazoefu waliofanya kazi pamoja kwa miaka. Kabla ya kuruka rubani hutakiwa kuuzungusha usukani pande zote kuhakikisha uko huru, ukaguzi wa sekunde chache ambao ungeifichua kufuli ile mara moja. Wachunguzi walifungua data iliyohifadhiwa ndani ya ndege, wakatazama safari 175 zilizotangulia. Ukaguzi kamili ulikuwa umefanywa katika safari mbili tu. Kwa hiyo onyo lilikuwa limeandikwa zaidi ya mara 170, ndani ya ndege yenyewe, na hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulisoma. Uganda ilikuwa ikimsafirisha rais wake kwa Gulfstream IV kabla ya kununua G550 mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Simaanishi kwamba marubani wake walikuwa na mazoea kama yale, kwa kuwa hakuna sababu ya kudhani hivyo. Ninachosema ni kwamba aina hii ya ndege, na aina hii ya kazi, haiko mbali nasi.

Kilichofuata Bedford ndicho kinachonishawishi zaidi. Chama cha waendeshaji wa ndege za kampuni nchini Marekani, NBAA, kilikusanya data ya safari 143,756 za jeti 379, za miaka ya 2013 hadi 2015, kutoka kwa wale waliokuwa tayari wana mipango ya kusoma data. Kilipotoa matokeo mwaka 2016 ilionekana kwamba katika asilimia 15.62 ya safari hizo ukaguzi wa usukani ulifanywa nusu nusu, na katika asilimia 2.03 haukufanywa kabisa. Hao ndio walikuwa waangalifu, wenye mipango! Hakuna rubani aliyetajwa, hakuna kampuni iliyoaibishwa, na hakuna aliyefutwa kazi kwa ajili ya takwimu hizo. Na kwa kuwa hakuna aliyeogopa kutoa data, sekta nzima ilijitazama na kuona kwamba wale marubani wawili wa Bedford hawakuwa wakosaji wa ajabu. Walikuwa mwisho wa mstari ambao wengine wengi walikuwa wamesimama juu yake. Maarifa ya namna hii hayawezi kupatikana kwa amri ya polisi. Yanapatikana pale tu watu wanapoyatoa kwa hiari.

Hoja ya kwanza dhidi ya haya yote ni fedha. Mwendeshaji wa Kajjansi mwenye ndege tatu atasema vinasa ni vya matajiri. Zamani alikuwa na haki. Leo Caravan mpya hutoka kiwandani na vioo vya kielektroniki vinavyohifadhi data ya safari na ya injini kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na vinasa vyepesi vilivyobuniwa kwa ndege na helikopta ndogo vipo sokoni. Ulaya, tangu Septemba 2022, imeanza kuvidai katika ndege mpya nyepesi za injini za tabaini zinazofanya biashara. Kwa hiyo ndege nyingi tayari zinaandika, na kinachokosekana ni msomaji. Hoja ya pili ni kwamba ajali zetu zinatokana na mawingu ya milimani, viwanja vibovu na wanyama, mambo ambayo tabia ya rubani haiyabadilishi. Hapa nakubali nusu. Mawingu hayamsikilizi mtu. Lakini data ya safari nyingi huonyesha pia mahali: kiwanja ambacho kila rubani hulazimika kufunga breki kwa nguvu kina kasoro ya kiwanja, na bonde ambalo ndege hulipita zikiwa chini mno linahitaji njia nyingine kwenye ramani. Rubani mmoja akilalamika kuhusu kiwanja anaweza kupuuzwa. Rekodi za marubani kumi zikisema neno moja, mwenye kiwanja hana pa kujificha.

Hoja ya tatu ni ya haki, nayo nzito. Watu huuliza: ikiwa rekodi haitatumika kuadhibu, je, mzembe atalindwa? Je, mwenye ndege mbovu atajificha nyuma ya usiri? Uganda ina sababu ya kuuliza hivyo. Tarehe 9 Machi 2009 Ilyushin Il-76 ya mizigo iliyokuwa ikienda Mogadishu ilianguka ziwani muda mfupi baada ya kuondoka Entebbe, na watu 11 wakafa, wakiwamo maofisa wa jeshi la Burundi. Uchunguzi ulionyesha kwamba injini zake zote nne zilikuwa zimepita muda wake, na kwamba madai ya kuongezewa muda hayakuthibitishwa. Kosa kama hilo ni la mwenye ndege na la wakaguzi, na hakuna mpango wa kusoma data unaopaswa kulifunika. Kinga ninayoitetea haimhusu anayeghushi karatasi, anayeruka amelewa, wala anayehatarisha watu kwa makusudi. Kanuni za kimataifa zenyewe zinaacha mlango kwa hayo. Inamhusu rubani aliyefanya kazi yake kwa nia njema akavuka mpaka fulani, kama wenzake wanavyouvuka. Huyo akiadhibiwa, wenzake hawataacha kuvuka. Wataacha kurekodi. Kadi itapotea, kifaa kitaharibika, ripoti haitaandikwa, na mwendeshaji atabaki na daftari safi kama la mtoto ambaye hajawahi kuandika kitu.

Ipo hoja ya nne, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inatoka katika udogo wetu. Shirika lenye marubani mia tatu linaweza kuficha jina. Kampuni yenye marubani wanne haiwezi: tarehe na njia vikitajwa, kila mtu anajua ni nani. Kwa kitengo cha ndege za serikali mambo ni magumu zaidi, maana njia ya kiongozi ni siri ya usalama, na rubani wake mara nyingi ni mwanajeshi mwenye mkuu juu yake. Jibu, kwa maoni yangu, liko katika kuunganisha na kutenganisha. Data iunganishwe kutoka kampuni nyingi na nchi nyingi hadi iwe kubwa kiasi cha kumficha mtu mmoja, na anayeisoma atenganishwe na anayeajiri na kuadhibu. Afrika Mashariki inacho chombo kinachoweza kuibeba kazi hiyo. Wakala wa usalama wa usafiri wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007, una makao yake Entebbe. Ukipewa jukumu la kuwa mlinzi wa data ya ndege ndogo za nchi wanachama, ikiwa imeondolewa majina, tarehe na nambari za usajili, Kajjansi, kiwanja cha Wilson cha Nairobi na viwanja vya mbuga za Tanzania vitaweza kusomana. Ndege za viongozi zinaweza kuingizwa zikiwa zimecheleweshwa miezi kadhaa na kufutwa mahali zilikopita. Mwendo wa usukani na kasi ya kushuka havina siri ya dola ndani yake.

Mpangilio kama huo hautasimama kwa nia njema peke yake. Unahitaji maandishi matatu. La kwanza ni sheria inayosema kwamba data ya safari zilizofika salama haiwezi kutumiwa na mwajiri, polisi wala mahakama yoyote, ya kiraia au ya kijeshi, ila pale jaji anapoona uhalifu wa makusudi. La pili ni makubaliano kati ya kila mwendeshaji na marubani wake, yaliyotiwa saini na pande zote, yakitaja kwa jina nani anafungua data na nani haruhusiwi. La tatu ni sharti la wakodishaji. Mabalozi, mashirika ya misaada, kampuni za mafuta na idara za serikali zinazokodi ndege kutoka Kampala ndizo zinazolipa, na anayelipa anaweza kuuliza kabla ya kupanda: je, safari zenu zinasomwa, na je, marubani wenu wamelindwa? Swali hilo likiulizwa na wateja watano wakubwa litafanya zaidi ya mzunguko wowote wa wakaguzi.

Makindye iko katikati ya habari hii kwa pande zote mbili. Abiria wa ndege hizi wanalala na kukutana kwenye miteremko yake, na kumbukumbu ya kilima chake inaeleza kwa nini ahadi ya mdomo haitoshi. Nchi iliyojua jinsi taarifa zinavyoweza kumwangamiza mtu ina sababu kubwa kuliko nchi nyingine ya kuandika sheria inayotenganisha kujifunza na kuadhibu, na ina haki ya kuwa ya kwanza katika kanda kufanya hivyo. Vifaa vipo, msomaji anaweza kupatikana Entebbe, na marubani wanaofundishwa Soroti tangu chuo kilipoanzishwa mwaka 1971 si wachache. Bunge la Uganda lianze na ile sheria. Rubani akishaisoma na kuiamini, ataiacha kadi mahali pake na kifaa kikiwa kimewashwa, na hapo ndipo data itakapoanza kuokoa watu walio hai.